Kiporo kwenye folda ya build: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu mabaki ya ujenzi uliopita yanayobaki kwenye folda ya `build` na kuingia kwenye kifurushi kipya. Ni wa wanaojenga vifurushi vya Python kwa chombo kiitwacho setuptools, kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka. Wa CMake, Debian na Cargo wana kipande chao huko chini. Amri zote ni za Linux na Mac. Za Windows nimezitaja pale zinapotofautiana.

Nimefuta moduli kwenye msimbo, nimejenga upya, nimesakinisha upya, na bado ipo. Naota?

Huoti. Setuptools hujenga kifurushi kwa hatua mbili. Kwanza hunakili faili zako kwenda kwenye folda ya `build/lib`, kisha huchukua kila kilichomo humo na kukifunga kuwa faili la `.whl`, yaani kifurushi chenyewe kinachosakinishwa. Hatua ya kwanza inajua kuleta vitu vipya, ila haijui kuondoa vilivyokuwepo. Hatua ya pili haiulizi nani kaleta nini, inafunga tu. Ukifuta faili kwenye msimbo, nakala ya juzi inabaki imekaa kimya ndani ya `build/lib`, na safari ijayo inapanda gari pamoja na wenzake.

Jionee mwenyewe kwa pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python), dakika moja haiishi:

```
$ ls src/duka
__init__.py  bei.py  risiti.py
$ pip wheel --no-deps -w dist .
$ rm src/duka/risiti.py
$ pip wheel --no-deps -w dist .
$ python -m zipfile -l dist/duka-0.3.1-py3-none-any.whl
duka/__init__.py
duka/bei.py
duka/risiti.py
...
```

(Nimeacha safu za tarehe na ukubwa ili isomeke.) `risiti.py` haipo tena duniani isipokuwa humo. Futa `build`, rudia amri ile ile, itatoweka.

Mimi haya mabaki nayaita kiporo. Tofauti ni kwamba wali wa kiporo na chai ya asubuhi una wenyewe wanaoupenda.

Sasa kwa nini setuptools isisafishe yenyewe kabla ya kuanza?

Kwa sababu folda hiyo iliwekwa makusudi ili kazi isirudiwe. Wazo ni la siku nyingi: Stuart Feldman alipoandika `make` pale Bell Labs mwaka 1976, nia ilikuwa kukompaili kile tu kilichobadilika. Distutils, ambayo setuptools imejengwa juu yake, ilirithi tabia hiyo hiyo. Kwa kifurushi chenye msimbo wa C unaochukua dakika ishirini kukompaili, utashukuru. Kwa kifurushi cha Python tupu chenye faili kumi na mbili hakuna kinachookolewa, lakini chombo ni kile kile na tabia ni ile ile.

Sababu nyingine ni adabu. Programu inayofuta folda usizoituma kufuta ni programu ya kuogopwa. Pip ya zamani ilikuwa ikikuta folda ya kujengea iliyoachwa na usakinishaji ulioshindikana, inagoma kuendelea na kukuambia uifute mwenyewe, kwani yenyewe haiwezi kudhani ina ruhusa hiyo. Watu walikuwa wanakasirika. Mimi nilikuwa upande wa pip.

Faili moja la zamani kubaki ndani ya kifurushi, kuna ubaya gani? Si haliitwi na mtu.

Mara nyingi ni kweli, halidhuru, linaongeza kilobaiti chache tu. Zikitimia mara zile chache, utajuta.

Ya kwanza ni siri. Niliwahi kuwa na faili la mipangilio ya majaribio lenye nenosiri la hifadhidata. Nikalifuta, nikabadilisha msimbo usome nenosiri kutoka kwenye mazingira ya seva, nikajisifu kabisa kwenye ujumbe wa git. Siku tatu baadaye mteja akanipigia: "Kaka, hili faili la `majaribio_mipangilio` humu ndani ni la nini?" Lilikuwa limesafiri na toleo jipya, likitokea `build/lib`, nenosiri likiwa wazi. Tulibadilisha nenosiri usiku ule ule. Aibu haikuwa na pa kubadilishwa.

Ya pili ni ngumu zaidi kuigundua, na imeshawala watu saa nyingi. Tuseme zamani ulikuwa na folda `duka/malipo/` yenye `__init__.py` ndani. Ukaona imekuwa nzito bila sababu, ukaikunja yote iwe faili moja, `duka/malipo.py`. Ukajenga. Sasa `.whl` ina vyote viwili: faili jipya, na folda ya zamani kutoka kwenye kiporo. Mtu akiandika `import duka.malipo`, Python ikikuta folda yenye `__init__.py` na faili vyenye jina moja mahali pamoja, huchukua folda. Maana yake msimbo wako mpya umo ndani ya kifurushi, ukikifungua unauona kwa macho, lakini hauendeshwi kamwe. Unaweka `print` kwenye `malipo.py`, haitokei. Unaongeza kosa la makusudi, halilipuki. Hapo ndipo mtu huanza kuitilia shaka kompyuta yenyewe.

Na kwako inafanya kazi vizuri, kwa sababu wewe umesakinisha kwa `pip install -e .`, ambayo husoma msimbo wako moja kwa moja. Kiporo kinamkuta mteja peke yake.

Ukitaka kumaliza ubishi wa namna hii haraka, uliza Python yenyewe:

```
$ python -c "import duka.malipo; print(duka.malipo.__file__)"
```

Ikikujibu njia inayoishia na `malipo/__init__.py`, umempata mchawi.

Mimi siendeshi setup.py kabisa, natumia `pip install .` tu. Hainihusu, au vipi?

Inakuhusu, na pengine kuliko zamani. Kabla ya pip 21.3, iliyotoka Oktoba 2021, pip ilikuwa ikinakili mradi wako mzima kwenda folda ya muda, inajenga huko, halafu inatupa. Nakala hiyo ilikuwa ikiwachelewesha watu wenye miradi mikubwa, na ilivunja baadhi ya programu zinazotegemea faili za jirani. Kuanzia 21.3 pip hujenga pale pale mradi ulipo. Kwa hiyo `pip install .` ya leo inaacha `build` na folda ya `.egg-info` katika mradi wako hata kama hukuziomba, na kesho inazikuta.

Ndiyo maana wengine husema "hili tatizo halikuwepo". Lilikuwepo, ila mabaki yalikuwa yakitupwa kabla hujayaona.

`python -m build` inanikinga?

Ukiiendesha hivyo hivyo, bila chochote cha ziada, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Hutengeneza kwanza faili la `.tar.gz` lenye msimbo ghafi, hulifungua kwenye folda ya muda, kisha hujenga `.whl` kutokana na hilo. Setuptools huiacha nje `build` inapotengeneza hiyo `.tar.gz`, kwa hiyo kiporo hakivuki.

Lakini wengi huandika `python -m build --wheel` kwa sababu hawaihitaji `.tar.gz`. Ukiongeza hilo neno moja, inajenga `.whl` moja kwa moja kutoka kwenye mradi wako, `build/lib` ikiwemo. Kinga imeondoka na hukuambiwa. Nimeliona hili kwenye skripti za watu makini kabisa.

Na nimesema "kwa sehemu kubwa" kwa sababu ya `.egg-info`. Ndani yake kuna faili liitwalo `SOURCES.txt`, orodha ya vilivyofungwa mara ya mwisho, na setuptools huweza kuisoma tena inapotengeneza orodha mpya. Ukiondoa mstari kwenye `MANIFEST.in` ili faili fulani lisiende tena, na faili lenyewe bado lipo kwenye diski, linaweza kuendelea kwenda kwa sababu orodha ya zamani inalikumbuka. Hiki kiporo hakikai ndani ya `build`. Ukipanga msimbo wako ndani ya `src`, kitafute humo humo, `src/duka.egg-info`.

Sijafuta kitu. Nimebadilisha faili tu, lakini kilichosakinishwa ni cha zamani.

Hapa tatizo ni saa. Setuptools ikinakili kwenda `build/lib` hulinganisha muda wa faili kubadilishwa: chanzo kikiwa kipya kuliko nakala, inanakili, kisipokuwa kipya, inaruka. Haifungui faili kuangalia kilichomo.

Git haina shida hapa, kwani ikiandika faili upya hulipa saa ya sasa. Shida huja ukirudisha toleo la zamani kwa kulifungua kutoka kwenye `.zip` au `.tar.gz`, au kulinakili kutoka kwenye flashi kwa `cp -p`. Faili zinakuja na tarehe zao za mwezi uliopita, setuptools inaona nakala iliyopo `build/lib` ni mpya zaidi, inaiacha. Ulitaka kurudi nyuma, kifurushi kimebaki mbele.

Wenye msimbo wa C wana ya kwao. Ukibadilisha faili la `.h` pekee, na faili hilo hukulitaja kwenye `depends` ya `Extension` husika, setuptools itakuandikia kwamba inaliruka kwa kuwa limekamilika. Litaje, au jenga kwa `--force`.

Ndani ya build kuna lib, ndani yake kuna build tena, ndani yake lib tena. Nini hiki?

Hicho ni kifurushi kinachojila chenyewe. Hutokea ukiiambia setuptools itafute vifurushi kuanzia folda kuu ya mradi kwa namna ambayo folda yoyote inahesabika kuwa kifurushi hata bila `__init__.py`. `find_namespace_packages()` hufanya hivyo, na `[tool.setuptools.packages.find]` ya `pyproject.toml` nayo hufanya hivyo usipoiambia vinginevyo. Safari ya kwanza haina neno. Safari ya pili inaikuta `build`, inaiona ni folda kama folda nyingine, inainakili ndani ya `build/lib`. Safari ya tatu... umeelewa.

Taja unachotaka, `include = ["duka*"]`, au hamishia msimbo ndani ya `src`. Mimi siku hizi naanza na `src` hata kwa mradi wa faili mbili.

Basi nifute nini hasa?

```
rm -rf build dist *.egg-info src/*.egg-info
```

Kwenye PowerShell ni `Remove-Item -Recurse -Force build, dist`, kisha `.egg-info` kwa jina lake. Windows ikigoma kwamba faili linatumika, kuna Python mahali imelifungua. Funga terminali na kihariri chako kwanza.

`python setup.py clean` peke yake haitoshi, inaondoa folda ya muda ya kukompailia tu. Ukiongeza `--all` inaondoa na `build/lib`. Hata hivyo haigusi `dist` wala `.egg-info`. Ndiyo maana naona `rm` ni ya kweli zaidi.

Kuna wanaopendekeza `git clean -xdf`. Ni safi mno. Itafuta kila ambacho git haikifuatilii, pamoja na `.env` yako, `db.sqlite3` yako yenye data za majaribio za miezi miwili, na `.venv` (mazingira pepe ya Python) nzima. Anza na `git clean -xdn`, ambayo inaorodhesha tu bila kufuta, isome mpaka mwisho, halafu kinga unachokitaka: `git clean -xdf -e .env -e .venv`.

Natumia bando. Nikifuta, si nitapakua upya kila kitu?

Swali zuri, na watu wa mafunzo ya YouTube hawalijibu. Folda za `build`, `dist` na `.egg-info` zote zimetengenezwa kwenye mashine yako, kuzifuta hakukugharimu hata megabaiti moja. Kinachokula bando ni kufuta `.venv` na kufuta kache ya pip kwa `pip cache purge`. Usiviguse hivyo viwili kwa ajili ya tatizo hili, havihusiki.

Ila ujue `python -m build` hutengeneza mazingira yake pepe kila mara na kuyawekea setuptools upya. Kache ya pip inasaidia isipakue tena, lakini bado itagonga mtandao kuuliza matoleo, na mtandao ukiwa umekata itashindwa. Ukiwa na setuptools tayari kwenye `.venv` yako, tumia `python -m build --no-isolation`.

Nimefuta `build` lakini twine inanipandishia matoleo ya zamani.

Hiyo ni `dist`, folda ya vifurushi vilivyokamilika. Twine ndiyo inayovipandisha PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, na `twine upload dist/*` inachukua vyote vilivyomo, vya leo na vya mwaka juzi. PyPI itakataa jina la faili ambalo lilishapandishwa, na itaendelea kulikataa hata ukilifuta kule. Kwa hiyo toleo likishatoka na kiporo ndani, huwezi kulibadilisha chini kwa chini: utoe namba mpya, na lile bovu uliweke alama ya kuondolewa kwa "yank" ili pip isiwape watu wapya. Walioandika namba hiyo kamili kwenye mahitaji yao wataendelea kulipata. Kama lina siri, ichukulie siri hiyo imeshavuja.

Kwenye seva ya kujengea kila kitu ni kipya, sivyo?

Inategemea seva ya nani. Mashine za GitHub wanazokupa wao huanza tupu kila kazi. Mashine yako mwenyewe uliyoiunganisha kule, au Jenkins, hutumia folda ile ile tena na tena. `actions/checkout` husafisha kwanza kwa kawaida yake, lakini kuna watu huizima kwa `clean: false` ili kuokoa muda, halafu wanasahau.

Docker ina mtego wake. `COPY . .` inabeba `build` ya kompyuta yako kuipeleka ndani ya imeji, kisha `RUN pip install .` inaikuta. Kuiweka kwenye `.gitignore` hakusaidii, Docker haisomi faili hilo. Iandike kwenye `.dockerignore`.

Na sisi tusiotumia Python?

CMake (ya miradi ya C na C++): kiporo kikuu ni `CMakeCache.txt`. Kompaila iliyochaguliwa mara ya kwanza imeandikwa humo, na ukibadilisha `CC` baadaye haikusikii. Ukihamisha folda ya mradi itagoma kabisa, na hiyo angalau ni heri. Tangu toleo 3.24 kuna `cmake --fresh`, inayofuta `CMakeCache.txt` na folda ya `CMakeFiles`, kisha inaanza upya.

Debian: `dpkg-source` itakataa kujenga ikikuta mabaki yamebadilisha msimbo wa asili, kwa hiyo sehemu ya `clean` kwenye `debian/rules` iandike kwa moyo mmoja. Wanaojenga kwa `sbuild` au `pbuilder` wanapata mfumo safi kila mara. Kwenye Arch, `makepkg -C` hufuta folda ya `src` kabla ya kuanza.

Cargo (ya Rust) inajitahidi sana kujua kilichobadilika, na `cargo clean` huihitaji mara chache, zaidi kwa ajili ya nafasi ya diski. Wa bando wasiogope: haifuti vifurushi ulivyokwisha kupakua, hivyo viko kwenye `~/.cargo`.

Nihamie Hatchling au Flit basi?

Kama kifurushi chako ni Python tupu, hama. Vyombo hivi viwili vya kujengea vifurushi husoma msimbo na kuufunga moja kwa moja bila kupitia `build/lib`, kwa hiyo kiporo cha aina hii hakina pa kulala. Kama una msimbo wa C na setuptools inakutosha, baki. Weka tu mstari wa `rm -rf` juu kabisa ya skripti yako ya kutoa toleo, na mstari wa `python -m zipfile -l` mwishoni, baada ya kujenga, kisha usome orodha hiyo jina kwa jina kabla hujagusa twine. Yangu ina majina 31, nimeshayakariri.